Miezi 19 kabla ya kustaafu: pesa nimezipigia hesabu, mbona usingizi haurudi?

#1 Mwalimu wa Zamu (Newala)
Habari za jioni, wanajukwaa. Nina umri wa miaka 58, nimefundisha shule za msingi tangu 1990, na imebaki miezi 19 nifikishe miaka 60 ambayo sheria inanitaka niweke chaki chini. Nyumba ninayo, imeezekwa na haina deni. Shamba la mikorosho ninalo, na miti mingi ndani yake bado inazaa vizuri. Watoto watatu wanajitegemea na wa mwisho yuko kidato cha sita. Mtu anayenitazama akiwa barabarani hataona kwangu sababu ya hofu. Hata hivyo, tangu mwezi wa pili mwaka huu naamka saa tisa usiku, moyo unakwenda mbio, na ninachokiwaza si njaa. Naiwaza Jumatatu moja ambayo kengele ya shule itagongwa, nami nitaisikia kwa sababu nyumba yangu iko jirani, lakini haitakuwa inaniita mimi.

Hoja yangu ni kwamba hofu ya kustaafu hukaa moyoni kabla ya kukaa mfukoni, na kwamba semina tunazopewa kuhusu ufugaji wa kuku na vikundi vya kuweka na kukopa hazigusi mahali panapouma. Nielezeni: ni nini hasa kinachomtia hofu mtu ambaye mahitaji yake ameshayapanga?

#2 Mtani wa Masasi
Mwalimu, kuku waache, hawana kosa. Kwa kuwa ninyi wa Newala mmezoea kutuangalia sisi wa bondeni kutoka juu ya mteremko wa Shimo la Mungu, huenda moyo unakwenda mbio kwa sababu sasa mnateremka. Nakaa hapa nisome.

#3 Karani Mstaafu (Lindi)
Ninampinga mleta uzi moja kwa moja. Nimestaafu baada ya miaka mingi katika masijala ya halmashauri, ambako majalada ya wastaafu yalipita mikononi mwangu, na nasema hofu hii ni ya fedha ila watu waliosoma huona aibu kuiita kwa jina lake. Chukulia mtumishi aliyekuwa kwenye mifuko ya zamani ya pensheni ya PSPF au LAPF, mwenye miezi 420 ya michango na wastani wa mshahara wa shilingi 1,200,000 kwa mwezi, yaani 14,400,000 kwa mwaka. Kwa kanuni ya zamani unazidisha kwa 420, unagawa kwa 540, kisha nusu ya pensheni hiyo ya mwaka unaizidisha kwa 15.5, na mkupuo, yaani fedha za mara moja anazopewa akistaafu, unafika 86,800,000. Kwa kikokotoo, yaani kanuni mpya ya kukokotoa mafao, kilichoanza tarehe 1 Julai 2022, kigawanyo ni 580, kizidisho ni 12.5 na mkupuo ni asilimia 33, kwa hiyo mtu yule yule anapokea takriban 43,000,000. Sasa niambieni kama hiyo ni hofu ya moyoni.

#4 Binti Nachingwea
Shikamoo, mzee Karani. Naomba kusahihisha sehemu moja. Asilimia 33 haipo tena. Katika bajeti ya mwaka 2024/25 mkupuo ulipandishwa hadi asilimia 40 kwa wale waliokuwa wameshushwa kutoka 50, na hadi asilimia 35 kwa wale wa mifuko mingine waliokuwa wakipata 25. Kwa mfano wako, mkupuo sasa ni kama 52,100,000. Pia umeacha upande wa pili wa mzani: kwa kanuni ya zamani pensheni ya kila mwezi ya mtu huyo ingekuwa kama 466,000, na sasa ni kama 521,000. Kilichopungua ni mkupuo, ilhali cha kila mwezi kimeongezeka. Hata hivyo, sijawahi kumwona mtumishi anayekosa usingizi kwa furaha ya hiyo nyongeza. Kinachopungua kinaonekana kikubwa machoni kuliko kinachoongezeka, na hapo nadhani Mwalimu ana hoja, kwa sababu hesabu ni moja lakini moyo unaisoma kwa jicho moja tu.

#5 Karani Mstaafu (Lindi)
Marahaba, binti. Nakubali sahihisho la asilimia 40. Lakini anayesema moyo unasoma kwa jicho moja asisahau kwamba macho yenyewe yamechoshwa. Kanuni za 2018 zilitaka mkupuo wa asilimia 25 kwa wote, zikasitishwa na Rais Magufuli Desemba mwaka huo huo, tukarudi kwenye 50 kwa sisi wa mifuko ile, ikaja 33, ikaja 40. Mtu aliyepanga nyumba ya vyumba vinne kwa hesabu ya kwanza ameishia msingi na kozi tatu za matofali. Hofu hiyo haikuanzia moyoni, imefundishwa.

#6 Mnasihi Kusini (Mtwara Mjini)
Nimesomea unasihi na ninazungumza na watumishi wanaokaribia umri huo, kwa hiyo niongeze neno. Mwaka 1967 watafiti wawili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walitengeneza mizani ya matukio yanayomlazimisha mtu kuyapanga upya maisha yake. Kufiwa na mwenzi kulipewa alama 100, kufukuzwa kazi 47, na kustaafu 45. Tazameni jinsi kustaafu kunavyokaribiana na kufukuzwa, ilhali kustaafu kunaagwa kwa pilau na zawadi ya godoro.

Kuhusu kengele ya Mwalimu, yupo Marie Jahoda, ambaye pamoja na wenzake alichunguza kijiji cha Marienthal nchini Austria baada ya kiwanda cha nguo kilichowaajiri karibu wote kufungwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1933. Wanaume walikuwa na muda tele, lakini vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua badala ya kuongezeka, na hata mwendo wao barabarani ukawa wa kujikokota. Baadaye Jahoda alieleza kwamba kazi humpa mtu mshahara na mambo mengine asiyoyaona: mpangilio wa siku, watu wa kukutana nao nje ya familia, lengo la pamoja, heshima, na shughuli ya kila siku. Mshahara una mbadala wake, nao ni pensheni. Hayo mengine hayana mfuko unaoyalipa.

#7 Mtani wa Masasi
Kwenye hiyo mizani, ndoa ina alama ngapi?

#8 Mnasihi Kusini (Mtwara Mjini)
Hamsini.

#9 Mtani wa Masasi
Basi Mwalimu, uliwahi kuvuka mto mkubwa kuliko huu ukiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na wala hukufungua uzi.

#10 Nahodha wa Msimbati
Nimefurahia somo la Mnasihi, lakini nina pingamizi. Watu wa Marienthal walipoteza kazi bila kutaka na bila kujua lini watapata nyingine. Mstaafu anaijua tarehe yake tangu siku anapoajiriwa, kwa sababu imo ndani ya tarehe ya kuzaliwa. Haifai kumpima aliyefunga safari mwenyewe kwa kipimo cha aliyezama.

Kwangu hofu ilitokana na kutojua kama kilichokuwa changu kipo. Nilikuwa sekta binafsi, mwajiri wangu wa zamani simtaji, na kila mwezi hati yangu ya mshahara ilionyesha makato. Nilipofuatilia nikakuta miezi mingi haikuwasilishwa. Mnajua kwamba mtu anahitaji angalau miezi 180 ya michango ili apate pensheni ya kila mwezi, na mimi nilikuwa nakaribia hapo kwa kuhesabu vidole. Kwa mwaka mzima nilitembea na bahasha ya vielelezo kwapani. Miezi ile ililipwa mwishoni, lakini mpaka leo nikipigiwa simu na namba nisiyoijua tumbo linavurugika. Usalama wa fedha na hisia ya usalama ni vitu viwili, na cha pili huchelewa sana kurudi.

#11 Mke wa Mstaafu (Mikindani)
Nyote mnaongea kama vile anayestaafu ni mmoja. Mume wangu aliporudi nyumbani moja kwa moja, mimi ndiye niliyestaafishwa jikoni. Alianza kukagua chumvi, akauliza kwa nini mkaa wa siku tatu umeisha siku mbili, akataka tuwe na ratiba ya kufua. Miaka thelathini nilikuwa naendesha nyumba peke yangu kuanzia saa moja asubuhi, leo nimepata mkaguzi. Nilipomwuliza mdogo wangu, ambaye mume wake amebakiza miaka miwili, alikiri kwamba wana hofu wote wawili ila hawajawahi kuambiana: mume anaogopa kuonekana mzigo, mke anaogopa kutawaliwa ndani ya himaya yake. Mwalimu, shemeji yetu umemwuliza yeye analala saa ngapi?

#12 Mwalimu wa Zamu (Newala)
Asanteni nyote. Dada wa Mikindani, sijamwuliza. Nahodha amenigusa kwa jambo la tarehe. Nilidhani kuijua tarehe mapema ni faida, lakini naona ndiyo inayonihesabia. Mwalimu mwenzangu alifariki ghafla akiwa kazini, na Mungu anisamehe, niliwahi kufikiri kwamba yeye hakupata nafasi ya kuhesabu.

Nadhani pia lipo suala la jina. Hapa mtaani hakuna mtoto anayelijua jina langu. Naitwa Mwalimu sokoni, msikitini, kwenye mnada wa korosho, hata kwenye misiba huitwa Mwalimu nije niandike majina ya waliochanga rambirambi. Hilo jina ni la kazi au ni langu?

#13 Binti Nachingwea
Ni lako, Mwalimu. Hilo hata mstaafu wa miaka 80 huitwa. Lakini nikupe kisa cha baba yangu, ambaye jina lake lilikuwa la cheo na halikumfuata nyumbani. Alistaafu bila kutuambia tarehe. Kwa muda wa miezi miwili alivaa, akachukua mkoba wake, akatoka saa moja na nusu asubuhi, akarudi saa kumi. Tuligundua kwa sababu dereva wa bodaboda aliuliza kwa nini mzee anashinda stendi akisoma gazeti. Mama hakumwambia kwamba tumejua. Alimpa orodha ya mahitaji ya kununua sokoni, kila siku orodha mpya, ili safari zake ziwe na sababu. Baba alifariki miaka tisa baadaye, na sidhani kama aliwahi kutambua kwamba orodha zile zilikuwa dawa.

#14 Upepo wa Kusi (Kilwa)
Pole na asante kwa kisa hicho. Hamjataja kinachotajwa vijiweni kila siku, nacho ni kifo. Kila mtumishi wa hapa ana orodha ya wenzake waliofariki miezi mitatu, minne baada ya kustaafu, na husemwa kwamba "mafao yamemuua" au "amekaa akaoza". Mjomba wangu aliyasikia hayo mpaka akawa anauliza maswali ya urithi kabla hata ya kuagwa.

#15 Karani Mstaafu (Lindi)
Hapo naomba nitumie masijala yangu. Waliofariki mapema tunawataja, walio hai hatuwataji kwa sababu hawana habari. Nilikaa nikahesabu wastaafu kumi na wanne ninaowafahamu katika kata yangu, na kumi na mmoja wanapumua, mmoja wao ana miaka 84 na juzi tumegombana juu ya mpaka wa shamba. Pia baadhi ya wale watatu walitoka kazini wakiwa tayari wagonjwa. Ugonjwa uliwatoa kazini, halafu lawama ikaangukia kustaafu.

#16 Mkulima wa Tandahimba
Salamu kwenu. Sijawahi kuajiriwa, nasoma tu na kushangaa. Mkulima hastaafu. Babu yangu aliokota korosho mpaka mgongo ulipokataa kunyooka, na hakuna aliyemwandalia risala. Labda hofu yenu inatoka kwenye kuambiwa kwamba siku moja, saa fulani, mtu mzima anageuka kuwa si kitu. Huku kwetu mtu hupungua taratibu: mwaka huu haendi kupulizia salfa, mwaka unaofuata haendi palizi, mwaka wa tatu anakaa chini ya mti anasimamia wajukuu. Hakuna siku ya kuiogopa.

#17 Upepo wa Kusi (Kilwa)
Mkulima, usitupambe. Hofu ipo, mnaibeba kimyakimya. Nimewaona wazee ambao siku wanao walipoanza kwenda wao kwenye chama cha msingi kupeleka korosho na fedha zikaingia kwenye akaunti ya kijana, walibadilika tabia wiki hiyo hiyo. Siku haina tarehe lakini ipo.

#18 Mkulima wa Tandahimba
Hilo nalikubali nusu. Nusu nyingine nitaijibu kijana wangu akishapewa namba ya siri ya benki, ambayo sijampa.

#19 Mtani wa Masasi
Nirudi kwa jambo la uzito, msidhani nataniatania tu. Mnajua kangomba: mtu ana njaa mwezi wa sita, anauza korosho ambazo bado ni maua kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika shamba linazaa lakini mavuno ni ya mwingine. Watumishi wengi wameyauza mafao yao kangomba. Kaka yangu amebakiza mwaka mmoja, na mkupuo wake umeshagawanywa na watu ambao hawajawahi kumwuliza: huyu ada, yule bati, shangazi matibabu, na kwa siri ipo mikopo miwili ya kausha damu, ile ya riba kubwa, ambayo mkewe haijui. Wanapomwuliza "kaka, lini unatoka?" yeye husikia "kaka, lini tunalipwa?" Hofu yake ni kukataa. Maisha yake yote amekuwa mtu wa ndiyo, na anajua kwamba baada ya miezi sita ya hapana atakuwa amepoteza nusu ya ukoo. Wengine hufikia kusema hawatajenga kijijini kwa kuogopa husuda na kurogwa, lakini mimi naona neno hilo la uchawi limebeba ndani yake jambo jepesi kuliko hilo: wanaogopa macho ya watu wanaojua una kiasi gani.

#20 Mke wa Mstaafu (Mikindani)
Leo Mtani umeongea. Sisi tulilitatua kwa kusema wazi kiasi chote kwenye kikao cha familia, senti kwa senti. Ndugu wawili walinuna, mmoja hajapona. Wengine waliacha kukisia, na kukisia ndiko kulikokuwa kunatuumiza.

#21 Karani Mstaafu (Lindi)
Mwalimu, swali la kikarani. Umesema pesa umezipigia hesabu. Taarifa yako ya michango inaonyesha miezi mingapi?

#22 Mwalimu wa Zamu (Newala)
Mzee Karani, nilipiga hesabu kwa kukadiria, kuanzia mwaka wa ajira. Taarifa yenyewe niliichapishiwa na afisa nilipokwenda mjini. Ipo kwenye bahasha. Sijaifungua.

#23 Binti Nachingwea
Mwalimu, samahani, uliandika kwenye posti ya kwanza kwamba usingizi ulianza kukosekana mwezi wa pili. Bahasha uliichukua lini?

#24 Mwalimu wa Zamu (Newala)
Mwezi wa pili.

#25 Karani Mstaafu (Lindi)
Nafunga faili. Ni fedha.

#26 Mnasihi Kusini (Mtwara Mjini)
Lisifungwe bado, mzee wangu. Karatasi ile ina idadi ya miezi, ni kweli, lakini imechapishwa pia tarehe ya kuzaliwa, na kwa mtu anayejua kujumlisha 60 hiyo ni tarehe ya mwisho wa kazi iliyoandikwa na mkono usio wake. Kutofungua kunaweza kuwa kuogopa pengo la michango, na kunaweza kuwa kuogopa ukamilifu wake. Ikiwa miezi yote ipo, hana tena kisingizio cha kufuatilia, na safari imethibitika. Nimekutana na watu wa aina zote mbili, na kwa nje wanafanana. Ninachoweza kusema kwa uzoefu ni kwamba kukwepa hutuliza kwa siku hiyo moja na kuikuza hofu ya kesho, kwa sababu akili huijaza bahasha kwa chochote inachokiogopa.

#27 Nahodha wa Msimbati
Mimi nasema afungue leo, haraka. Kama kuna miezi imekosekana, miezi 19 inatosha kuifuatilia akiwa bado na ofisi ya kumwandikia barua. Akishatoka, kila karatasi ataitafuta kwa nauli yake mwenyewe. Unasihi utafuata.

#28 Upepo wa Kusi (Kilwa)
Na kama ikikutwa kamili na usingizi usirudi, tutakuwa tumejifunza kwamba Karani ameshindwa.

#29 Karani Mstaafu (Lindi)
Na ukirudi mtaninunulia ming'oko, vile viazi pori vyetu vya kusini.

#30 Mwalimu wa Zamu (Newala)
Nimewasoma wote mpaka mwisho. Nitaifungua, lakini si usiku huu, kwa sababu haiko nyumbani. Iko kwenye droo ya meza yangu katika ofisi ya walimu, chini ya maandalio ya masomo ya mwaka jana.

#31 Mke wa Mstaafu (Mikindani)
Kwa hiyo hata bahasha ya kustaafu umeiacha kazini.

#32 Mtani wa Masasi
Kesho ni zamu ya nani kufungua ofisi?

#33 Mwalimu wa Zamu (Newala)
Yangu.